Ua la Kitulo na shimo lililo pembeni

Mama mmoja kutoka Makambako alitazama picha tuliyoibandika kwenye ubao wa matangazo ya parokia, akauliza kama ni ua au ni mdomo wa mdudu. Ni ua. Ni okidi ya Kitulo, imepigwa kwa simu iliyosogezwa karibu kabisa. Ukiwa umesimama, unaona kitone tu cha rangi kwenye majani. Ukipiga magoti, linageuka: lina koo lenye madoa, lina ulimi. Picha nyingine tulipoikuza tulimkuta buibui mweupe ndani ya ua jeupe, amemkamata nzi. Tulipokuwa tukipiga hatukumwona.

Tumeshauriwa tubandike zile zinazopendeza tu, na chini yake maneno ya kumshukuru Mungu. Hatukubali. Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu, na jina tunalipenda. Lakini Yesu alipowaambia wanafunzi wayatazame maua ya shambani, aliwakumbusha pia kwamba majani hayo kesho hutupwa motoni. Hakuvitenganisha.

Kitulo hatari hiyo inaitwa chikanda. Ni chakula kipendwacho Zambia, hupikwa kwa viazi vya okidi vilivyotwangwa pamoja na karanga. Anayechimba kiazi ameua mmea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viazi kwa mamilioni vilivuka mpaka kila mwaka kutoka nyanda hizi za juu kusini. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea: aina 350 hivi, kati yake okidi 45.

Na wachimbaji si watu wa mbali. Fedha ya viazi imelipa ada za watoto, na huenda nyingine imeingia kwenye kikapu chetu cha sadaka. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, anatutaka tusikie kilio cha dunia pamoja na kilio cha maskini. Picha nzuri peke yake haisikii hata kimoja.

Maua huanza Novemba. Frateri atakayepanda huko na simu, akishapiga ua, apige na shimo atakalolikuta, tuzibandike pamoja. Akimkuta mchimbaji, asimpige picha. Amsalimie, amuulize debe moja ni shilingi ngapi, na ada ya mtoto ni shilingi ngapi.