Fizikia Haipimwi kwa Wingi wa Vichwa

Wapo wanaodai kwamba kusomea shahada ya kwanza ya fizikia katika chuo kidogo ni kupoteza muda. Dai hili ni potofu, tena lina madhara. Mwaka 2011 bodi ya elimu ya juu ya jimbo la Texas, Marekani, ilizibana programu zisizofikisha wahitimu 25 katika miaka mitano, na idara ndogo za fizikia zikawa hatarini kufungwa. Elimu ikawekwa kwenye mizani ya duka!

Tujiulize: Arthur Compton, mshindi wa Nobel ya fizikia mwaka 1927, alianzia wapi? Wooster, chuo kidogo cha Ohio. John Mather, wa mwaka 2006? Swarthmore. Na katika Chuo cha Reed, Oregon, wanafunzi wa shahada ya kwanza ndio wanaoendesha kinu cha nyuklia cha utafiti, kilichowashwa mwaka 1968.

Ni kweli, chuo kidogo kina kozi chache. Lakini fizikia hujifunzwa kwa mikono, na penye wanafunzi wachache kila mmoja hukifikia chombo. Anayefunga idara kama hiyo haokoi fedha. Anamfungia mlango kijana asiye na uwezo wa kwenda mbali.