Binti wa Kigango na Safari ya Korea

Baba mmoja ametuandikia hivi: "Kigango chetu kinataka kumpeleka kijana mmoja Korea, na wamemchagua binti yangu. Je, ni jambo la akili kuuza ng'ombe wawili kwa safari ya siku chache?" Tunamjibu hapa, kwa kuwa najua si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Safari yenyewe ni ya Siku ya Vijana Duniani, itakayofanyika Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Papa Fransisko aliitangaza mwaka 2023 alipokuwa na vijana Lisbon.

Basi baba, ng'ombe wasiuzwe kwanza. Anza na makaratasi. Binti ana cheti cha kuzaliwa? Jina lake la ubatizo, la shule na la kitambulisho ni moja, au hapa ni Yohana, pale ni Joan? Tofauti ndogo ya namna hii huchelewesha pasi ya kusafiria, na bila pasi hakuna viza. Mtanzania haingii Korea bila viza. Ubalozi wao uko Dar es Salaam. Huko watataka kujua hasa jambo moja: huyu atarudi kwao?

Kwa hiyo kila kitu kipite kwa Baba Paroko na jimbo. Akija mtu mwenye maneno matamu akisema, "Nipe fedha, nitampatia viza, na akifika huko nitamtafutia kazi," mfungie mlango. Ruhusa ya kuhudhuria mkutano si ruhusa ya kufanya kazi. Na kijana akitoroka huko, vijana wa parokia watakaoomba baada yake ndio watakaotiliwa mashaka.

Sasa habari za mwenendo. Hapa mama ana kazi nyepesi kuliko anavyodhani, maana mtoto aliyelelewa vizuri kijijini anajua nusu ya desturi za Kikorea. Huko mkubwa huinamiwa kichwa na mgongo. Kitu hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili. Mezani mdogo hangoji kuambiwa: mzee ndiye anayeinua kijiko kwanza. Viatu huvuliwa mlangoni, maana watu wengi bado huketi na hata kulala sakafuni. Zamani moshi wa jiko ulipitishwa chini ya mawe ya sakafu ili nyumba ipate joto wakati wa baridi. Siku hizi maji ya moto hupita katika mabomba. Wakimwuliza umri wake mara tu walipoonana, asikasirike. Wanataka kujua wamsemeshe kama mkubwa au mdogo, kwa kuwa lugha yao hubadilika kwa hilo.

Chakula ni wali, supu, na kimchi, yaani kabichi iliyotiwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, ikaachwa ichachuke. Wali na supu huliwa kwa kijiko, mboga kwa vijiti vya chuma. Ajizoeze nyumbani kwa vijiti viwili vya mti na sahani ya maharage; wadogo zake watacheka, si neno. Ila vijiti asivisimamishe kamwe katika wali, maana ndivyo wafanyavyo kwa ajili ya wafu. Katika Misa ataona akina mama wengi wenye shela nyeupe, na wakati wa kutakiana amani watu huinamiana badala ya kushikana mikono. Agosti kuna joto na unyevu mwingi, tena mvua; achukue mwavuli.

Jambo moja la kufurahisha: Korea iko mbele yetu kwa saa 6. Kwa hiyo mama akisema saa tatu asubuhi, mshale wa saa ya Seoul uko kwenye 3, alasiri. Lakini asimpigie simu saa tatu usiku, maana huko ni usiku wa manane, binti amelala.

Sasa turudi kwenye swali la ng'ombe. Imani haikuletwa Korea na mapadre. Wasomi walisoma vitabu vya dini vilivyotoka China, wakamtuma mwenzao, Yi Seung-hun, aliyekuwa akisafiri na baba yake kwenda Beijing. Alibatizwa huko mwaka 1784 kwa jina la Petro, akarudi na vitabu, akawabatiza rafiki zake. Walikaa karibu miaka 10 bila padre. Wa kwanza wa taifa lao, Andrea Kim Taegon, alipata upadre mwaka 1845, akauawa mwaka uliofuata akiwa na miaka 25. Yeye na wenzake 102 walitangazwa watakatifu Seoul mwaka 1984. Binti asikose kufika Jeoldusan, kilima kilicho kando ya mto Han, walipokatwa vichwa waamini wengi kuanzia mwaka 1866.

Jamaa wale walimtuma mtu mmoja tu, naye alirudi. Baba, uza ng'ombe mmoja, na kigango kichange thamani ya yule wa pili, kwa kuwa binti ametumwa na wote. Sikukuu ya mashahidi hao ni 20 Septemba, majuma sita baada ya mkutano. Mwambieni tangu sasa kwamba Jumapili ya tarehe 19, baada ya ibada, atasimama mbele ya kigango aeleze aliyoyaona. Aende na daftari.