Tela la mbao za tanga: mteja hulipia chuma asichokihitaji

Kila mwaka upepo wa kusi unaposhika kasi, kati ya Juni na Agosti, biashara ya kukodisha vifaa vya michezo ya upepo huamka katika fukwe za Paje na Jambiani huko Unguja, na vivyo hivyo Diani na Watamu kwa upande wa Kenya. Kaskazi ya Desemba hadi Machi nayo huleta msimu wa pili. Wenye mitaji midogo wanaoitupia jicho biashara hii huulizia kwanza bei ya mbao na matanga, kisha bei ya gari. Tela, ambalo kwa asiye na banda ufukweni ndilo ghala lake, huachiwa fundi aamue. Hapo ndipo fedha huanza kupotea.

Kwa wanaokodisha kaiti tatizo hili si kubwa. Kaiti hukunjwa ikaingia katika mkoba wa mgongoni, na ubao wake ni mfupi. Ubao wa tanga ni habari nyingine. Mteja mmoja tu huhitaji ubao wa mita 2.2 hadi 2.5, mlingoti wa mita 4 na zaidi, tanga, bomba la kushikia tanga na pezi. Tena upepo wa asubuhi si wa alasiri, na anayejifunza hawezi kupewa tanga la mzoefu. Kwa hiyo mwenye biashara hulazimika kuwa na matanga ya mita za mraba 3.5 hadi 8 au zaidi, na milingoti ya kuyatosha. Shehena hiyo hujaza nafasi kubwa sana kwa thamani yake, na ndiyo maana tela linahitajika.

Lakini uzito wake ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Mbao 6 za kilo 12 kila moja ni kilo 72. Matanga 10 ya kilo 5 ni kilo 50. Milingoti 10 ni kilo 25 hivi, mabomba ya kushikia 8 ni kilo 24, na makoti ya kuokolea pamoja na zana ni kilo 30. Jumla ni kilo 200, yaani watu watatu wa kawaida. Hata hivyo fundi aliyezoea kutengeneza matela ya kubebea saruji, mchanga na ng'ombe hujenga kile anachokijua: engo nene, sakafu ya bati zito, na ekseli ya pikapu kuukuu pamoja na springi zake zote. Matokeo yake ni tela la kilo 600 au 700 likiwa tupu, linalobeba kilo 200. Mwenye tela analipia chuma mara moja karakanani, kisha analipia mafuta ya kukivuta kila siku ya safari.

Springi hizo za pikapu zina hasara nyingine isiyoonekana kwenye hesabu. Zilitengenezwa kubeba karibu tani nzima. Chini ya mzigo mwepesi hazipindi hata kidogo, na tela hurukaruka kwenye makorongo ya barabara za vumbi kama gunia lililofungwa nyuma ya baiskeli. Mlingoti wa kaboni unaogongwagongwa safari nzima hupata nyufa ndogo ambazo mteja huzigundua akiwa katikati ya maji. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: fundi apunguze majani ya springi mpaka tela liiname kidogo likipakiwa. Wengi hawaombi kwa sababu wanaamini springi ngumu ndiyo imara.

Urefu nao huwapotosha watu. Mwekezaji anasikia mlingoti wa mita 4.6 na kuagiza tela la mita 5. Milingoti inayouzwa leo kwa kawaida huwa vipande viwili, na kila kipande ni kama mita 2.3. Tanga likikunjwa kutoka juu kwenda chini hubaki fungu la kama mita 2. Ndani ya boksi mita 2.7 zinatosha, isipokuwa kwa mwenye mbao ndefu za zamani, ambaye azipime kwanza. Mbao zikisimamishwa kwa ubavu, kila moja katika nafasi ya sentimita 25 yenye zulia kuukuu au povu, na mapezi yakiwa yamefunguliwa, sita zinaingia katika upana wa mita 1.5. Matanga hukaa kwenye rafu juu yake, milingoti kwenye mabomba ya plastiki ukutani.

Wapo wanaopinga boksi na kutaka tela la wazi lenye vyuma vya kupakilia, kwa kuwa ni rahisi na halina bati. Hoja yao ina nguvu kwa mtu anayesafiri na mbao zake mbili. Kwa mfanyabiashara haina. Jua la pwani hukausha plastiki angavu ya tanga mpaka ikapasuka kama karatasi, vumbi hukwaruza, na vifaa vilivyo wazi havilali salama nje ya nyumba ya wageni. Boksi lenye kufuli hulinda mtaji. Ila boksi lililozibwa kabisa huugeuza ulinzi huo kuwa hasara. Mbao nyingi zina povu jepesi ndani lenye hewa; hewa hiyo ikipata joto hutanuka na kuubandua ubao ngozi yake. Tela la bati lisilo na matundu likisimama juani saa sita mchana ni tanuri. Linahitaji tundu la kuingiza hewa chini upande wa mbele na la kutolea juu upande wa nyuma, rangi nyeupe, na dari ya plaiwudi iliyoachiwa nafasi chini ya bati. Mbao zenye skrubu ya kutolea hewa zilegezwe zikiwa ghalani, kisha zikazwe kabla ya kuingia majini.

Chumvi ndiyo mdeni asiyesamehe. Vifaa hurudi vimelowa, maji hudondoka, na sakafu isiyo na matundu ya kutolea maji huoza kimyakimya. Skwea paipu zilizoachwa wazi huliwa kutu kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Anayetaka kutumia bati la alumini juu ya fremu ya chuma aweke mpira au rangi nzito katikati, maana metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, moja huimaliza nyingine. Chuma kilichochovywa kwenye zinki ni ghali zaidi mwanzoni, na hapa ndipo fedha iliyookolewa kwenye uzito inapostahili kwenda.

Jambo moja halionekani mpaka siku ya safari. Ubavu wa boksi la mita 2.7 kwa mita 1.6 una mita za mraba 4.3, na hilo ni tanga kamili. Tela hili huvutwa siku zile zile ambazo upepo ni mkali, kwani siku nyingine hakuna mteja. Ndiyo maana ekseli iwekwe nyuma kidogo ya katikati, mizigo mizito ikae chini na mbele, na asilimia 10 hivi ya uzito wote iegemee kwenye ndoano ya gari. Kwa tela la kilo 600 hizo ni kilo 60. Likiegemea nyuma litayumba hata bila upepo. Ulaya matela yasiyozidi kilo 750 pamoja na mzigo huruhusiwa bila breki zake yenyewe. Kipimo hicho ni kikomo kizuri kwa anayetumia gari dogo.

Hesabu ya mapato nayo ina miezi mibovu. Wakati wa masika, Aprili na Mei, na tena upepo unapogeuka Oktoba na Novemba, vifaa hulala. Rafu zilizochomelewa hulilaza tela pamoja navyo. Zikifungwa kwa bolti hutoka kwa nusu saa, na boksi safi lenye kufuli hupata kazi ya kubeba vyombo vya harusi, spika au friji za wauza vinywaji.

Tela lisipokelewe likiwa tupu na linang'aa. Kabla ya kulipa fungu la mwisho, mteja alete vifaa vyake vyote karakanani, vipakiwe, mkono wa kuvutia uwekwe juu ya mzani wa dukani, kisha mpira wa maji uelekezwe milangoni kwa dakika kumi na mlango ufunguliwe fundi akiwapo.