Barabara si gereji, na mimi sijawa Mzungu

Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu zamu za usiku zimenibana, ila leo lazima niseme, maana nimechoka kusemwa.

Juzi nimetoka kazini saa mbili asubuhi, nimejitupa kitandani, simu ikalia. Mama mkubwa kutoka Dar. Hakuna hata salamu ya maana. "Wewe ndiyo wa kumzibia mdogo wako riziki? Umeshakuwa Mzungu sasa?" Siku ile ile zikafuata meseji nne za ndugu wengine, zote wimbo ule ule. Basi naomba niwajibu wote hapa mara moja.

Mnaofahamu mnafahamu, mdogo wangu yupo hapa Uingereza anasoma, anakaa kwangu. Mikono yake ni dhahabu. Kabla ya kuja alikaa miaka miwili kwenye gereji kule Gerezani, injini anaijua kwa kuisikiliza tu. Alianza kwa kumbadilishia rafiki yake breki pedi mbele ya nyumba yetu. Sikusema kitu. Rafiki akamwambia rafiki. Baada ya miezi miwili yakawa magari matatu kila wikiendi, na Jumapili moja nimerudi nakuta ameshusha injini nzima, inaning'inia kwenye winchi katikati ya barabara! Giaboksi iko juu ya kadibodi kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Mtaa wetu nyumba zimeungana, hakuna ua wala geti, ukifungua mlango umeshafika barabarani. Bibi wa nyumba ya tatu anatembelea kigari cha umeme. Siku hiyo alishindwa kupita, akashuka na kigari chake barabarani kwenye magari. Wiki iliyofuata ikaja barua ya halmashauri, na hapo nikasema basi, inatosha.

Sasa hoja zenu.

"Barabara ni ya wote." Haswa! Kwa hiyo ni ya yule bibi pia. Kitu cha wote maana yake si kwamba anayewahi anakimiliki.

"Wazungu wabaguzi, wangekuwa wao wasingeambiwa." Jamani, ubaguzi upo, nimeshakutana nao wodini na siku moja nitauandika. Ila huu sio. Kuna sheria ya mwaka 2005 ya usafi wa mitaa, inatumika England na Wales. Kutengeneza gari lako mwenyewe barabarani inakuruhusu, mradi usiwakere majirani. Gari likikuharibikia njiani na ni lazima litengenezwe barabarani, unapewa saa 72. Inachokataza ni kugeuza barabara kuwa gereji ya kulipwa. Faini ya haraka ni pauni 100, na ukifikishwa mahakamani inaweza kufika pauni 2,500. Aliyeandikiwa barua hakuulizwa rangi yake, aliulizwa magari matatu ni ya nani.

"Anajitafutia tu." Hapa ndipo mnaponiumiza, kwa sababu hamjui mnachomshauri. Viza ya mwanafunzi inamruhusu kuajiriwa, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kujiajiri hairuhusu kabisa. Kila gari analolipwa pale nje ni ushahidi dhidi yake. Mama mkubwa aliuza kiwanja ili kijana aje kusoma. Tukipoteza viza kwa ajili ya klachi ya mtu, kiwanja kinarudi?

Halafu niongee kama nesi. Nikiwa mafunzoni huko nyumbani aliletwa fundi, gari lilimwangukia. Lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na tofali mbili. Alikuwa anaongea vizuri, anaomba maji, ndugu wanashukuru Mungu. Lakini nyama iliyobanwa muda mrefu hufa, na potasiamu hujikusanya pale pale. Uzito ukiondolewa, damu inaibeba mpaka kwenye moyo, na uchafu wa misuli unaziba figo. Mtu anaweza kufa baada ya kuokolewa, na yeye alikufa usiku ule. Tangu hapo sipiti karibu na miguu inayotokeza chini ya gari bila kuinama kuangalia kama kuna stendi au ni jeki peke yake. Mdogo wangu nilimkuta na jeki peke yake. Barabara yenyewe ina mteremko.

Na maji ya rejeta, yale ya rangi rangi. Mengi yana ethilini glikoli, ambayo ni tamu. Paka hulamba, na mtoto hulamba pia. Mwilini inageuka asidi na kuua figo. Yeye aliyamwaga kwenye mtaro, na oili nyeusi juu yake. Mitaro mingi ya barabarani hapa inapeleka maji moja kwa moja mtoni. Kuna kituo cha taka cha halmashauri kinachopokea oili bure. Kumbe tatizo halikuwa hela, ni uvivu wa kubeba dumu!

Sasa na mimi nikubali moja, nisionekane natetea kila kitu cha huku. Gereji za hapa zinakamua watu. Gari lenye zaidi ya miaka mitatu lazima lipite ukaguzi kila mwaka, na mlinzi wa usiku akiambiwa bei ya kurekebisha, analia. Ndiyo maana wanamfuata mdogo wangu. Na mwenye nyumba yenye ua anashusha injini yake kwa nafasi bila kumzuia mtu njia, wakati asiye na ua anaandikiwa barua. Hilo silipendi. Ila dawa yake si kumtoa bibi wa watu barabarani.

Sikumfukuza nyumbani, kama mlivyoambiwa. Nilimwambia afunge spana, nikampeleka mwenyewe kwenye gereji ya mtaa wa pili. Mwenyewe kamjaribu siku moja, kampa kazi Jumamosi na Jumapili, kwa mkataba, chini ya lifti ya kweli. Mshahara mdogo kuliko alivyokuwa anapata. Kanuna, na bado kanuna. Anakula, lakini haongei.

Mama mkubwa, najua binti atakusomea hii. Ukitaka kunigombeza tena nipigie saa kumi jioni ya huko, nitakuwa nimeamka. Kijana wako mzima, viza yake ipo, na vidole kumi vyote vipo.

Wengine, uwanja ni wenu. Nisemeni, ila matusi ya nguoni nitafuta.