Yai la Ohio na Yai la Mbagala

Ramadhani ya mwaka 2025 iliwakuta ndugu zetu walioko Marekani katika dhiki ambayo hatukutarajia kuisikia kutoka huko: mayai yalikuwa yameadimika. Maduka mengi yalimzuia mteja asichukue zaidi ya paketi moja au mbili, na takwimu za serikali yao zikaonesha kuwa mwezi Machi dazeni moja ilifika wastani wa dola 6.23, bei ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Binamu yetu anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, alituandikia katika kundi la simu la ukoo kwamba Idi hiyo mkate wa mayai nyumbani kwake ungekuwa mmoja tu, nao mdogo.

Kicheko kilitutoka kabla ya huruma. Mmoja wetu alimjibu kwamba Dar es Salaam yai ni shilingi 300, basi na aje ale ashibe. Aliyeko Muscat akaleta bei ya trei kwa rial, na aliyeko Mombasa akaleta ya kwake kwa shilingi za Kenya. Kwa muda wa siku mbili kundi la ukoo likawa soko lisilo na mizani, kila mmoja akipaza sauti ya bei yake.

Mzaha ule ukazaa neno zito. Binamu alikokotoa kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola moja, akaona kuwa yai analouza shangazi yetu wa Mbagala, ambaye ndiye mama yake mzazi, halifiki senti 12, ilhali lake yeye lilikuwa senti 52. Akaandika kwamba ikiwa maisha ya nyumbani ni mepesi kiasi hicho, haoni kwa nini dola 100 anazotuma kila mwezi ziwe zinakwisha kabla mwezi mwingine haujaandama. Shangazi hakujibu. Sisi tunaomfahamu tulijua kwamba ameumia.

Tumeona tulilete jambo hili katika ukurasa huu kwa sababu hatudhani kuwa ni la ukoo wetu peke yake. Familia nyingi zinazotusoma zina mzazi huku na mtoto ng'ambo. Kati yao hupita fedha, na pamoja na fedha hupita dhana. Anayetuma hudhani kwamba anayepokea hatumii kwa uangalifu. Anayepokea hudhani kwamba anayetuma ana mkono mgumu. Mara nyingi wote wawili ni wakweli, ila wametumia kipimo kisicho sahihi.

Kosa la kwanza katika mjadala wetu lilikuwa la idadi. Marekani hutangaza bei ya mayai kwa dazeni, yaani 12. Sisi huuza kwa trei ya mayai 30. Urusi hutangaza kwa mayai 10. Kuna aliyeisoma bei ya dazeni ya Ohio, shilingi 16,200 kwa kiwango kile, akailinganisha na trei ya Mbagala kana kwamba vyombo hivyo viwili vina idadi moja. Na bei kwa rial nayo humdanganya asiyekumbuka kuwa rial moja ya Oman ni dola 2.60, tarakimu yake huonekana ndogo na mfuko ukatoka mkubwa. Kabla ya kulinganisha chochote, ni lazima tushuke hadi kwenye yai moja.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ndilo lililomuumiza shangazi. Tulibadilisha fedha, hatukubadilisha jasho. Dola hupima fedha kwa fedha. Haimwambii mtu amefanya kazi kwa muda gani ndipo akalipata yai. Tukae tufanye hesabu hiyo.

Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya shirikisho la Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijabadilika tangu mwaka 2009. Katika jimbo la Ohio kima cha kawaida mwaka 2025 kilikuwa dola 10.70. Kwa hiyo, hata katika mwezi ule wa bei iliyovunja rekodi, mfanyakazi wa kima cha shirikisho alihitaji takriban dakika 52 za kazi ili anunue dazeni moja, na wa Ohio alihitaji dakika 35.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi huo huo wa Machi, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi. Tukichukulia siku 22 za kazi kwa saa nane kila siku, saa yake moja ni takriban shilingi 2,100. Mayai 12 kwa shilingi 300 kila moja ni shilingi 3,600. Mtumishi huyo alihitaji saa moja na dakika 43. Kuanzia Julai 2025 kima hicho kilipandishwa hadi shilingi 500,000, na kwa bei ile ile ya yai muda huo ukapungua hadi saa moja na dakika 16. Ni nafuu ya kweli, walakini bado ni zaidi ya maradufu ya dakika za Ohio wakati Ohio iko katika dhiki.

Kwa maneno mengine, yai tulilolicheka kuwa ni ghali lilikuwa rahisi kwa mnunuzi wake kuliko lile tulilojivunia kuwa ni rahisi. Na hapo tumemzungumzia mwenye mshahara. Wapo wengi kati yetu, shangazi akiwa mmojawapo, ambao hawana mshahara wa kuugawa kwa saa.

Shangazi anafuga kuku 60 wa mayai uani kwake. Kuku mmoja wa aina hiyo hula takriban gramu 120 kwa siku, kwa hiyo banda lake humaliza kilo saba na ushei kila siku inayopita, wawe wametaga au hawakutaga. Chakula hicho ni mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa na chokaa. Anasema kati ya kila shilingi kumi anazouza, saba hurudi kwenye chakula cha kuku. Mahindi yakipanda, yeye hawezi kupandisha yai siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenye duka atachukua kwa mfugaji mwingine. Basi shilingi 300 hiyo, ambayo mwenye duka naye ana sehemu yake ndani yake, inasimama juu ya mgongo wa mama anayeamka alfajiri kufagia banda.

Marekani chanzo cha bei kilikuwa kingine. Tangu Februari 2022 homa ya mafua ya ndege imekuwa ikiingia katika mashamba yao ya kuku. Shamba moja huko laweza kuwa na kuku milioni moja na zaidi, na ugonjwa ukithibitishwa, kundi zima huangamizwa ili usienee. Hadi Machi 2025 ndege waliokufa au kuuawa kwa sababu hiyo walikuwa wamepita milioni 160, na katika miezi miwili ya mwanzo wa mwaka huo pekee walipotea zaidi ya kuku milioni 30 wa mayai. Kifaranga huhitaji takriban miezi mitano ndipo aanze kutaga, kwa hiyo pengo halizibiki kwa juma moja. Maambukizi yalipopungua na mayai kuagizwa kutoka nje, bei ilishuka. Kufikia Julai wastani wa dazeni ulikuwa dola 3.60. Iliripotiwa pia kwamba Wizara ya Sheria ya nchi hiyo imefungua uchunguzi juu ya kampuni kubwa za mayai, kuona kama zilipanga bei. Matokeo si yetu kuyahukumu. Ila sisi tuliofundishwa ubaya wa ihtikari, yaani kuficha chakula ili kipande bei, hatuoni ajabu kwamba swali hilo limeulizwa.

Mtu atauliza: ikiwa yai lilikuwa senti 12 huku na 52 kule, kwa nini lisipakiwe likapelekwa? Ni swali la haki. Yai huvunjika, huharibika, na kila nchi ina sheria zake za afya. Marekani huamuru mayai ya dukani yaoshwe na kuwekwa katika baridi. Ulaya hukataza mayai ya daraja la kwanza yasioshwe, ili utando wa asili wa ganda ubaki. Hata majirani hufungiana milango. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, ikieleza kuwa inazuia magonjwa; na Januari 2021 Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka Uganda. Bei ya yai, basi, huishi ndani ya mipaka yake.

Wala mayai si jambo dogo kwa watawala. Desemba 2023, katika kikao chake cha kujibu maswali ya wananchi, Rais Putin wa Urusi alimwomba radhi mstaafu mmoja aliyemlalamikia bei ya mayai na kuku, na serikali yake ikaondoa ushuru kwa mayai ya kutoka nje kwa kipindi cha miezi sita. Japani, ambako kwa miongo mingi yai liliitwa mwanafunzi bora wa bei kwa kutopanda, nako bei ilipaa mwaka huo baada ya kuku zaidi ya milioni 17 kuangamizwa kwa mafua hayo hayo. Yai ni protini ya mnyonge. Linapoondoka mezani, hakuna cha bei yake kinachokuja kuchukua nafasi.

Katika nchi tulizozisoma, iliyotufikirisha zaidi ni India. Katika jimbo la Tamil Nadu, ambako mji wa Namakkal ni kitovu cha ufugaji wa kuku wa mayai, mtoto wa shule ya serikali hupewa yai pamoja na chakula chake cha mchana. Hapo bei ya yai imeulizwa swali lililo sahihi. Hawakuishia kuuliza ni senti ngapi. Waliuliza kama mtoto amelila.

Swali hilo ndilo lililomaliza ugomvi wetu. Juma la mwisho la Ramadhani, mmoja wetu alimtumia binamu hesabu ya dakika ya namna ya tuliyoieleza hapo juu, bila ya neno la lawama. Binamu alinyamaza siku nzima. Kisha akampigia mama yake simu, wala hakumuuliza bei. Alimuuliza, "Mama, wewe na watoto hapo nyumbani mnakula mayai mangapi kwa juma?"

Shangazi alimjibu kwamba wao hula yale yenye ufa.

Mayai mazima ni ada ya shule ya wajukuu, ni umeme, ni mfuko unaofuata wa chakula cha kuku. Yaliyopasuka hayanunuliwi na mwenye duka, hivyo ndiyo hubaki jikoni. Juma lenye bahati ni manne. Juma jingine hakuna. Binamu alituambia baadaye kwamba alikuwa amemtumia mama yake fedha kwa miaka sita bila ya kulijua hilo.

Nasi tulikuwa na la kujifunza. Hakuna kati yetu aliyemuuliza binamu kodi yake ya nyumba ni kiasi gani, au anazifanya kazi ngapi ili dola 100 zipatikane. Tulimhesabia saa za yai moja, tukamsahaulia saa za mambo mengine yote.

Basi wazazi na watoto, kabla ya kutupiana tarakimu, tuulizane mambo manne: ni mayai mangapi, ya ukubwa gani, kwa saa ngapi za kazi, na nani hasa anayakula. La nne lisiachwe. Na yule anayefuga, hata akiwa na kuku watano, tunamnasihi atenge yai zima la mtoto kabla ya kuhesabu la kuuza. Akiba hiyo haionekani katika daftari, lakini huonekana katika afya ya mtoto.

Siku ya Idi shangazi alituma picha kundini: mkate wa mayai umekatwa vipande, wajukuu wamekaa kuuzunguka. Kutoka Ohio ikaja picha ya mkate mdogo. Hakuna aliyeuliza bei.

Tukutane juma lijalo, inshaAllah.