Riwaya Isiyo na Swali la Mtihani

Yapo mazoea miongoni mwetu, sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, ambayo aghalabu hatuyatilii shaka. Tukitajiwa riwaya, jambo la kwanza tunalouliza ni iwapo imeteuliwa kutahiniwa. Ikiwa imeteuliwa, tunautafuta mwongozo kabla ya kuitafuta riwaya yenyewe. Isipoteuliwa, tunaiacha rafuni ipigwe na vumbi. Katika makala haya nakusudia kudai kwamba riwaya iliyosomwa kwa ajili ya swali pekee bado haijasomwa. Shahidi wangu ni mimi mwenyewe.

Nianze na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka wa 1980. Niliisoma nikiwa shule ya upili, na baadaye nikaifundisha. Nilimjua Maksuudi kwa orodha: ni katili, ni mnafiki, ni mpenda anasa, kila sifa na ithibati yake. Niliweza kueleza jinsi alivyomtawisha mkewe, Bi Tamima, na binti yao Maimuna, ilhali yeye alizifuata starehe zake nje. Nilipata alama za juu. Nami nikawapa wanafunzi wangu alama za juu walipoirudia orodha ile ile. Hata siku moja sikujiuliza kama Maksuudi aliwahi kuishi kwetu.

Likizo iliyopita, baada ya kurejea chuoni kwa masomo ya uzamili, nilisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya hiyo ya mwaka wa 1971 iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa namna inavyoyataja waziwazi mambo ya mapenzi. Niliisoma bila mwongozo wala kalamu mkononi. Zakaria, babake Rosa, anagundua kwamba bintiye ameandikiwa barua na mvulana aitwaye Charles, naye anampiga vibaya. Nilipofika hapo nilifunga kitabu.

Nilikifunga kwa sababu nilikumbuka barua nyingine. Nilikuwa darasa la saba, naye dadangu alikuwa kidato cha pili. Niliiona barua ya mvulana ndani ya kitabu chake cha Jiografia, nikampelekea baba nikitarajia kusifiwa. Nilisifiwa kweli. Dada alichapwa mbele yetu sote, na muhula ule hakurudi shuleni. Pale nyumbani tendo hilo liliitwa malezi mema, nami nikaendelea kuliita hivyo kwa miaka mingi. Nilijaza kurasa nikieleza jinsi wanaume wa riwayani wanavyowanyima wanawake uhuru, lakini sikuwahi kuukumbuka mkono wangu uliompa baba ile barua.

Baada ya hapo niliirudia Utengano. Maneno yalikuwa yale yale, ila mimi sikuwa tena na haja ya kuzihesabu sifa za Maksuudi. Niliwatazama walio karibu naye: ni nani aliyejua, ni nani aliyenyamaza, na ni nani aliyenufaika. Hayo hayakuwemo katika orodha yangu.

Simlaumu mwalimu aliyenifundisha, wala sidai kwamba uhakiki hauna maana. Najua pia kwamba mwanafunzi mwenye kozi nyingi katika muhula mmoja hana wasaa, na kwamba bei ya vitabu ni mzigo kwa wengi wetu. Mwongozo ni mkongojo, na hakuna aibu kuushika mkongojo. Hata hivyo, mkongojo humsaidia mtu kutembea. Hauwezi kumfikia safari yake. Iwapo tutaendelea kuhitimu tukiwa mabingwa wa maudhui na wahusika pasi na riwaya hata moja kutugusa, tutaenda madarasani kuzalisha watahiniwa, wala si wasomaji. Nasema hivyo kwa kuwa mimi nimekwisha kuwazalisha.

Napendekeza basi kwamba chama chetu kiteue riwaya moja kila muhula, isiyokuwa katika kozi yoyote. Wanachama waisome kisha wakutane. Pasiwasilishwe makala, na asiwepo wa kuuliza dhamira kuu ni ipi. Kila mmoja aeleze tu ni ukurasa upi uliomlazimisha kukifunga kitabu, na kwa nini. Asiye na ukurasa kama huo naye asikilize wenzake. Huenda akaupata muhula ujao.

Ama kuhusu dadangu, mwezi uliopita nilimpelekea nakala ya Rosa Mistika, nikamwomba radhi kwa ile barua. Niligundua kwamba anaikumbuka hata rangi ya wino wake. Hajaniambia kama amenisamehe. Ameniambia tu kwamba amefika katikati ya kitabu.