Mali ya Nani? Leso, Hataza na Wavumbuzi Wasio na Majina

Nilipokuwa mtoto huko Timbwani, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, nilijifunza kusoma kwa kufuata maandishi ya leso za nyanya kabla ya kufuata yale ya vitabu. Kwenye pindo la leso hizo palikuwa na maneno madogo yaliyonitatiza: "Mali ya Abdulla". Babu hakuwa na jina hilo, wala yeyote nyumbani kwetu. Siku moja nikamuuliza nyanya huyo Abdulla ni nani, na kwa nini nguo zetu ni mali yake. Akacheka, akanijibu, "Huyo ni mwenye duka, mjukuu wangu. Leso ni yangu, nimeinunua kwa pesa zangu." Jibu hilo lilinitosha wakati ule. Leo, nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, halinitoshi tena.

Historia ya leso inafahamika kwa wengi wetu. Katika karne ya 19, wanawake wa pwani hii, kuanzia Unguja hadi Mombasa na Lamu, walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuwa vikiuzwa kwa jora. Jina lenyewe la leso ni neno la Kireno la kitambaa cha aina hiyo. Husimuliwa kwamba walikata vipande sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka walipoona inavyopendwa, waliagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa kutoka viwanda vya Ulaya, na baadaye vya India na Japani. Miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye nyumba yake ya biashara ilianza mwaka 1887 na ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyeeneza desturi ya kuandika misemo kwenye leso.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisemi kwamba Abdulla aliiba kitu cha mtu. Alitia mtaji wake, akachagua nakshi, akahatarisha fedha zake baharini, na maneno "Mali ya Abdulla" ni alama halali ya biashara. Ninachouliza ni hiki: mbona tunalijua jina la aliyeuza, na hatujui hata jina moja la waliobuni? Waliokata na kushona vile vipande sita walikuwa wanawake, Waafrika, na wengine wao walikuwa wametoka utumwani au wangali watumwa. Hakuna daftari lililowaandika.

Hapa ndipo ninapotaka kuingiza suala la hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao kwa sheria ya Kenya ni miaka 20. Sidai kwamba leso ingeweza kupewa hataza. Ninadai kwamba hataza na leso zimepitia njia moja: akili hutoka kwa mmoja, jina likaandikwa la mwingine, na mara nyingi jinsia na rangi ndizo zilizoamua nani aandikwe.

Mwenendo huu haukuanzia Mombasa. Mwaka 1715, Sybilla Masters, mwanamke wa Philadelphia aliyesafiri hadi London, alibuni njia mpya ya kusafisha na kutayarisha mahindi. Hati ilitolewa kwa jina la mumewe, Thomas, ingawa yenyewe ilikiri kwamba aliyevumbua ni mke. Nchini Marekani, mtumwa mmoja wa Mississippi aliyejulikana kwa jina la Ned alibuni zana ya kulimia pamba, na bwana wake akaiombea hataza. Mwaka 1858 Mwanasheria Mkuu Jeremiah Black akatoa maoni kwamba uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupewa hataza: mtumwa hakuwa raia wa kuweza kula kiapo, naye bwana hakuwa mvumbuzi. Kwa hivyo sheria haikukana kwamba Ned alikuwa na akili. Ilichokana ni kwamba Ned ni mtu.

Nasi hapa nyumbani tulikuwa na mlango wetu uliofungwa. Tangu enzi za ukoloni hadi miaka mingi baada ya uhuru, Kenya haikutoa hataza zake yenyewe. Ilisajili tu zile zilizokwisha kutolewa Uingereza. Mvumbuzi wa Changamwe au Kisauni alilazimika kupitia London kwanza ili atambuliwe kwao. Hali hiyo iliondolewa na Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 1989, na ile ya mwaka 2001 ikaunda Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, KIPI. Mlango ulifunguliwa, lakini si wote wamefikia kizingiti. Duniani kote, mwaka 2023, wanawake walikuwa takriban asilimia 18 tu ya wavumbuzi waliotajwa katika maombi ya kimataifa ya hataza. Je, wanaume ndio wenye ubongo mkubwa zaidi? La hasha! Ni kwamba ombi linahitaji ada, mwanasheria, muda na lugha ya kitaalamu, na vitu hivyo havijagawanywa sawa.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba leso ilistawi kwa sababu haikuwa ya mtu. Angeifungia mmoja, wengine wasingeivaa. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali. Lakini kisicho na mwenye kuandikwa huwa rahisi kuandikwa na mwingine. Mwaka 2007 Wakenya walipiga kelele walipopata habari kwamba kampuni moja ya Uingereza ilikuwa imeomba kusajili neno "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Ombi lilipingwa na halikufaulu. Tuliponea chupuchupu, tena kwa kikoi, ambacho kila mtu anakijua. Itakuwaje kwa yale yanayojulikana na wanawake wachache wa mtaa mmoja?

Njia ipo. Kwa vitu vidogo vya manufaa, sheria yetu ina cheti chepesi kuliko hataza, cha miaka 10, kisichodai hatua kubwa ya uvumbuzi. Na kwa maarifa ya pamoja, Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazitaka serikali za kaunti kuweka daftari la maarifa hayo. Daftari halijiandiki. Anahitajika mtu wa kuketi na mama wa Timbwani anayesuka ukili, amsikilize anavyotia miyaa rangi, anavyounganisha jamvi na anavyoanza kawa, kisha aandike kwa maneno ya mama huyo, pamoja na jina lake.

Ndugu wanachama, nani anayefaa kazi hiyo zaidi yetu? Tunazo kalamu, tunayo istilahi, na Kiswahili ni lugha rasmi tangu Katiba ya mwaka 2010. Napendekeza chama chetu kitenge likizo moja kwa kazi hii, na kidai maelezo ya hataza yapatikane kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni. Mimi mwenyewe sikulijua neno "hataza" hadi nilipofika chuoni. Sembuse nyanya aliyeishia madrasa!

Nyanya ametangulia mbele ya haki. Alikuwa akisuka vipepeo vya nakshi ambayo sijaiona kwa msusi mwingine, na sikumuuliza kama aliibuni yeye au alifunzwa na nani. Wenzangu ambao nyanya zao wangali hai wana nafasi niliyoikosa. Waulizeni, na muandike majina yao.